Fondanti nyekundu ya kupimiwa Kariakoo: bado roho inaniuma

Jamani, nilisema nisiandike nikiwa na hasira. Nikasubiri wiki, zikawa wiki kadhaa, na hasira iko pale pale. Basi naandika nayo hivyo hivyo.

Napika na kupamba keki nyumbani, hapa hapa Dar. Keki za kuzaliwa, za kipaimara, za kicheni pati, na sendofu zikija napokea. Sina duka wala mfanyakazi. Nina oveni moja, meza moja na feni, na wateja wangu wote wamekuja kwa kuambiana. Mtu akila keki yangu kwenye sherehe akaipenda, anaomba namba. Akiona keki imeharibika, naye anaomba namba, ila ya kuwaonya wenzake. Kwa hiyo keki moja mbaya kwangu si hasara ya siku moja.

Kipindi cha masika mama mmoja wa mtaa wa pili alinipigia. Mwanawe anatimiza miaka 7, baba ni Simba damu, mtoto ndiyo usiseme, na nyumba nzima wanataka keki ya Simba. Tukakubaliana: keki mbili za kupandana, ya chini nyeupe, ya juu nyekundu, jezi nyekundu yenye namba 7 iegemee keki ya chini kwa mbele, na kichwa cha simba kileleni.

Nyekundu juu ya nyeupe. Wapambaji wenzangu mnaosoma hapa mmeshaguna.

Kwa asiyejua, fondanti ni lile donge la sukari tunalolisukuma kama chapati na kuivalisha keki, na nyekundu ndiyo rangi inayotesa kuliko zote. Pinki unaipata kwa rangi ya kuchovya kijiti tu. Nyekundu ya kweli, ile ya Msimbazi, inakula rangi nyingi mno, na kila ukiongeza rangi fondanti inalegea, inashika mikono, na mwisho inaacha uchungu ulimini. Ndiyo maana wengi wetu nyekundu na nyeusi tunanunua iliyokwisha tiwa rangi. Na mimi nikafanya hivyo.

Duka lenyewe silitaji. Liko Kariakoo, ghorofani, unapanda ngazi nyembamba. Nilikuwa nimenunua pale karibu miaka miwili na nilikuwa nawasifia kwa kila mtu, maana fondanti yao nyeupe ni nzuri kweli kweli. Ukiisukuma inanyooka kama shuka lililopigwa pasi. Ukiivalisha keki inakaa, kona hazipasuki, na joto la Dar inalivumilia. Kwa hiyo nilipomwambia kijana anipimie nyekundu kilo moja na nusu, wala sikuiminya. Akachota kwenye ndoo, akapima, akafunga, nikalipa, nikaondoka. Kosa langu la kwanza ni hilo, na nalisema wazi: fondanti ya kupimiwa iminye kwa vidole kabla hujatoa hela. Ikikuachia rangi kiganjani, irudishe hapo hapo.

Usiku wa kuamkia shughuli nikaanza kuisukuma. Ikashika meza. Nikanyunyiza sukari ya aisingi, ikashika. Nikaongeza konflawa, ikatulia kidogo, ila ikatoka na mabaka meupe. Kidole kikigusa kinabaki chekundu. Moyo ukaniambia kuna kitu hapa, lakini saa nne usiku fondanti nyekundu nyingine unaitoa wapi? Nikavumilia. Nikavalisha, nikakata jezi, nikabandika ile 7 nyeupe katikati, nikakipandisha kichwa cha simba kilichokuwa kimekauka siku tatu, na kilikuwa kizuri, manyoya yote niliyachora kwa kisu kidogo. Saa saba usiku nikaiingiza keki kwenye friji, nikalala kwa amani.

Asubuhi saa tatu nikaitoa. Ilikuwa imetoka mvua, na lile fukuto la baada ya mvua mnalijua. Nikaiweka mezani nikaenda kutafuta utepe. Kurudi, keki inatoa jasho. Inang'aa yote kama imepakwa mafuta. Tone la kwanza nililiona kwenye pindo la jezi. Lilisimama pale, likanenepa, halafu likaanza kuteremka polepole juu ya ile nyeupe mpaka kwenye bodi, likaacha mstari mwembamba wa pinki. Likaja la pili. Ile 7 ikaanza kuwa pinki kuanzia kingo kuja katikati, naiangalia hivi hivi kwa macho. Nikachukua tishu nikafuta. Msifute, nawasihi. Mstari mmoja ukawa baka la ukubwa wa kiganja.

Nilikaa chini sakafuni.

Nikazungusha utepe mweupe mpana pale chini kwenye mshono, nikabandika nyota nyeupe juu ya lile baka, nikapanda bajaji na keki mapajani. Mama wa mtoto akaitazama, akanyamaza, akasema asante dada, ingia ndani upumzike. Ungwana wake ndio ulioniua zaidi. Mtoto akaja mbio na jezi yake mwilini, akasimama mbele ya keki, akauliza, "Mama, mbona Simba inatoka damu?"

Siwezi kulisahau swali lile. Mtoto amesubiri mwaka mzima. Kati ya shilingi 120,000 alizonilipa yule mama nikamrudishia 50,000, hakutaka kuzipokea, nikaziacha mezani.

Jumatatu nikaenda dukani na kipande kilichobaki. Sikwenda kugombana, na Mungu ni shahidi wangu. Nilitaka tu wajue ndoo ile ina tatizo wasimuuzie mwingine. Mwenye duka ni mama mtu mzima kuliko mimi, nikampa shikamoo yake. Akaitikia bila kuniangalia. Nikafungua kipande, nikamweleza taratibu. Hakukigusa. Hata kukitazama hakukitazama. Akasema kwa sauti, na duka limejaa watu:

"Mama, keki siyo maandazi. Kama kazi huijui, waachie wanaoijua."

Wateja wakacheka. Kuna binti mdogo kabisa, angeweza kuwa mwanangu, alicheka mpaka akaziba mdomo. Nikamwambia mwenye duka, mama, sijaomba hela, nakujulisha tu. Akageukia mteja mwingine: "Wewe ulikuwa unataka nini mwanangu?" Kana kwamba pale niliposimama hapana mtu.

Nilishuka zile ngazi miguu haina nguvu. Siku hiyo mngeniuliza ningesema duka lile lifungwe.

Sasa nikubali na jambo jingine, maana sitaki kumsingizia mtu. Nilipopoa nilianza kujiuliza kuhusu friji. Fondanti ni sukari, na sukari inavuta maji. Keki ikiwa baridi ukiitoa kwenye hewa yetu nzito ya pwani, unyevu wa hewa unageuka matone juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi, halafu sukari ya juu inayeyuka na rangi inatembea. Hata ingekuwa fondanti bora kuliko zote ingetoa jasho. Kosa hili ni langu, si la duka. Na niliitia friji kwa sababu ndani nilikuwa nimeweka krimu ya siagi, na siagi kwa joto la Dar hailali mezani. Siku hizi keki ya kuvalishwa fondanti naipaka ganashi: chokoleti nyeusi vipimo viwili kwa kimoja cha krimu ya maziwa, ikiwa nyeupe vitatu kwa kimoja. Inashika, haihitaji friji usiku ule, na fondanti inapata mahali pagumu pa kulalia. Ikilazimu friji, keki inaingia ndani ya boksi lake la karatasi limefungwa, na ikitoka boksi halifunguliwi mpaka baridi yote iishe. Jasho linabaki kwenye boksi. Nimeshafanya hivyo mara nyingi sasa na imenisaidia.

Basi nikawa nimefika mahali pa kusema, haya, nusu kosa langu, nusu lao, kilichoniumiza ni ule mdomo tu. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Halafu nikakutana na yule kijana aliyenipimia. Nilikuwa nanunua bodi za keki kwenye duka la chini, akaja mwenyewe, akasema, shangazi, pole kwa siku ile. Nikamwambia yameisha. Akatazama juu kwenye ngazi, akashusha sauti. Nyekundu ya kiwandani ilikuwa imewaishia. Ile niliyouziwa walichukua nyeupe wakaikanda na rangi huko nyuma, na rangi yenyewe ni ile ya maji, ya chupa, ya kutia kwenye juisi.

Rangi ya maji! Kwenye fondanti! Mtu anayeuza vitu vya keki anajua fika kwamba fondanti inatiwa rangi ya jeli. Maji na fondanti ni maadui.

Sikutaka kumwamini moja kwa moja, nikajaribu nyumbani. Kile kipande nilikuwa nimekihifadhi, sijui kwa nini, labda kwa uchungu. Nikatengeneza nyekundu yangu kwa rangi ya jeli. Nikaviringa vidonge viwili sawasawa, kimoja cha duka na kimoja changu, nikaviweka kwenye sahani nyeupe, nikafunika kwa bakuli usiku kucha, bila friji. Asubuhi cha duka kilikuwa kimelala kama ndala, kimezungukwa na duara la maji ya pinki. Changu kimesimama, chini kimeacha alama ndogo tu. Nikaviingiza vyote friji, nikavitoa. Vyote vikatoa jasho, sifichi. Changu kikawa kinanata na kutia vidole rangi. Cha duka kikateremka.

Kwa hiyo yule mama alijua. Aliposema keki siyo maandazi, alijua kilichokuwa kwenye ndoo. Aliona heri mimi nichekwe mbele za watu kuliko yeye kusema neno moja: pole. Hapo ndipo nyota zote zilipokwisha.

Nyekundu sasa nakanda mwenyewe. Naanza siku mbili kabla, kwa fondanti nyeupe na jeli nyekundu, naitia kidogo kidogo, naiacha ikiwa bado kama ya nyanya isiyoiva vizuri na kuifunga. Kesho yake inakuwa imekolea yenyewe. Ulevi wa kuongeza rangi usiku ule ule ndio unaoleta uchungu na ulegevu. Ikilegea naikanda na poda ya CMC kidogo, ile ya kukazia fondanti. Fondanti ya kufinyangia vinyago ndiyo naitia kijiko cha chai cha poda hiyo kwa robo kilo. Na nyekundu haikutani na nyeupe mpaka asubuhi ya shughuli. Jezi naikata mapema, inakauka juu ya karatasi, naibandika karibu na kuondoka kwa tone dogo la maji, si kwa kuloweka. Keki ya pili ya Simba nimeshaipeleka, tena Mbagala, mbali kote kule na foleni, na imefika nyeupe ikiwa nyeupe.

Tatizo langu lililobaki ni hili, na ndilo linalonifanya nishindwe kuwaambia msinunue kabisa pale. Fondanti nyeupe. Nimehangaika. Ya duka la Mwenge ilipasuka kona zote kama kisigino. Nyingine niliyoagizia ilikuwa inakatika kama unga mkavu kabla hata haijafika kwenye keki. Juzi nilikuwa na keki ya sendofu ya ngazi tatu, nyeupe tupu, bibi harusi mtarajiwa hataki hata ua la rangi. Nikajaribu kila mahali, nikashindwa. Nikamtuma bodaboda kwenye duka lile lile anichukulie kilo nne.

Imekaa vizuri kama zamani, haikupasuka hata mahali pamoja. Iliniuma kuona ilivyo nzuri.

Kwa hiyo nyeupe yao nunueni, ni nzuri. Rangi nyingine za kupimiwa msiziguse, au ziminyeni kwanza hapo hapo mbele yao. Nyota mbili, na hizo ni za nyeupe. Mimi mwenyewe zile ngazi sizipandi tena. Yule mama akitaka kuniomba radhi, mlango wangu kijana wake anaujua, ndiye anayekuja kuniletea bodi.