Karthala na kasa wa Itsamia: tathmini ya safari ya Komoro

Mwenye wiki moja ya kutembea Komoro aipe Mwali siku nne na Ngazija tatu, Nzwani aiache kwa safari nyingine. Visiwa hivi viwili vina volkano iliyo hai, fukwe tupu, kasa, popo wakubwa kuliko kunguru na, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wanaokuja kuzaa. Kinachopungua ni usafiri wa kutegemewa kati ya kisiwa na kisiwa, na hapo ndipo safari nyingi huharibikia.

Kuvuka kuna njia mbili: ndege ndogo kati ya Moroni, mji mkuu wa nchi ulioko Ngazija, na Fomboni, mji mkuu wa Mwali, au boti ya faiba kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija, hadi Hoani, Mwali. Ndege huahirishwa bila taarifa. Boti huchukua saa moja na nusu hadi mbili bahari ikiwa shwari, lakini msimu wa kusi upepo hushika kasi kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo vuka asubuhi na mapema au usivuke. Vaa jaketi okozi kabla hujatoa nauli na uhakikishe linafunga. Boti yenye mashine moja tu, au iliyojaa watu hadi ubavu unakaribia maji, iache iende. Mizigo ifungwe kwenye mifuko ya plastiki, maana mnyunyizo haukwepeki. Rudi Ngazija walau siku mbili kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Kwa sehemu hii ya safari, alama ni mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za ustadi wa manahodha.

Itsamia, upande wa mashariki wa Mwali, inapata tano kamili. Kijiji hiki kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mwali, iliyoanza 2001 kama hifadhi ya bahari na baadaye ikaongezewa nchi kavu. Fukwe zake ni miongoni mwa mazalio makubwa ya kasa wa kijani katika magharibi ya Bahari ya Hindi, na kasa hupanda mwaka mzima. Wanaozilinda ni wanakijiji wenyewe kupitia chama chao, kwa sababu wawindaji wa nyama ya kasa hawajaisha. Ada ya kiongozi lipa yote, usiombe punguzo.

Kiongozi mzuri utamjua kwa jinsi anavyowazuia wageni. Jike huwa mwoga tangu anapotoka majini hadi anapomaliza kuchimba. Taa moja au mtu mmoja akisimama mbele yake, anageuka na kurudi baharini bila kutaga. Kwa hiyo kikundi hukaa chini, mbali, gizani. Akishachimba shimo la mayai kwa mapezi ya nyuma na kuanza kutaga, hapo hatishiki kirahisi: mnasogea kwa nyuma, na taa nyekundu tu. Hutaga mayai mia moja au zaidi, kisha hufukia kwa nguvu inayorusha mchanga mbali. Mayai huanguliwa baada ya kama miezi miwili, na vitoto hukimbilia palipo na mwanga. Mwanga wa simu ufukweni huwapeleka nchi kavu, wakafa. Kamera yenye mmweko ibaki chumbani.

Saa ya kwenda hutegemea maji, kwani yakijaa kasa hupunguziwa mwendo wa kujikokota. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya usiku hujaa kuelekea alfajiri. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, hujaa kabla ya usiku wa manane. Uliza mapema jioni, ulale kwanza. Bangaloo za kijiji ni za kawaida kabisa: kitanda, chandarua, maji ya ndoo, umeme wa kukatikakatika. Chakula agiza asubuhi, maana samaki hununuliwa wavuvi wanaporudi. Anayefika saa mbili usiku akitaka menyu atalala na njaa.

Kusini, Nioumachoua inafaa kwa kupiga mbizi kuzunguka visiwa vidogo vilivyo mbele yake. Karibu na Ouallah kuna njia ya kupanda hadi kwenye miti wanakolala popo wa Livingstone, ambao hawapatikani popote duniani ila Mwali na Nzwani. Mabawa yao yakitanuliwa hukaribia mita 1.4, na huruka hata mchana. Njia ina utelezi na mwinuko mkali, ndala hazifai. Usipige makofi ili waruke. Wako hatarini sana kutoweka, na kila kurushwa bure kunawachosha.

Ngazija ni habari ya volkano ya Karthala, mita 2,361, yenye kaldera, yaani shimo kubwa la kileleni, ya takriban kilomita 3 kwa 4. Ililipuka mara mbili 2005, tena 2006 na 2007. Wanaopanda kutokea Mvouni au Boboni hukosea zaidi kwa kutaka kumaliza kwa siku moja. Kupanda peke yake ni kama saa saba, na kufikia adhuhuri mawingu hufunga juu na kuficha njia. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, lala karibu na ukingo, itazame kaldera asubuhi kabla ya mawingu, kisha ushuke. Maji hakuna njia nzima: mawe ya lava hunyonya mvua yote, ndiyo maana kisiwa hakina mto wa kudumu na watu huishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kwenye birika. Beba lita sita kwa kila mtu kwa siku mbili. Viatu viwe na soli ngumu, kwa kuwa lava hukata raba nyembamba, na koti zito lisikosekane, juu usiku ni baridi kweli. Kiongozi asiyeuliza hali ya volkano kwenye kituo cha uangalizi kilichoko Moroni kabla ya kuondoka, tafuta mwingine.

Fukwe za Ngazija zinatosha nusu siku kila moja. Maloudja ina mchanga mweupe; Chomoni inapendeza zaidi, mchanga mweupe na mwamba mweusi vikiwa bega kwa bega. Karibu na vijiji vaa nguo za kusitiri hata majini, na Ramadhani usitegemee mgahawa mchana.

Viza hutolewa kwenye uwanja wa ndege wa Hahaya, Ngazija. Anayejua Kiswahili ataelewana na watu sokoni kwa subira kidogo, ila karatasi nyingi za ofisini ni za Kifaransa. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, 491.97 kwa yuro moja, kwa hiyo beba yuro badala ya dola. Badilisha Moroni fedha yote ya Mwali, pamoja na ya siku mbili za ziada iwapo bahari itakataa.