Kifaa gani cha setilaiti ubebe ukisafiri peke yako?

Mkiwa wawili, mmoja akivunjika mguu mwenzake ataenda kutafuta msaada. Ukiwa peke yako huna wa kumtuma. Kwa hiyo naanza na vifaa vinavyoweza kukujibu.

1. Kifaa cha ujumbe wa pande mbili

Garmin inReach Mini 2 ina uzito wa gramu 100 hivi na hutumia mtandao wa Iridium, ambao setilaiti zake 66 zinafika dunia nzima, hadi kwenye ncha zake. Ukibonyeza SOS, watu wa kituo cha dharura, usiku au mchana, wanakuandikia: umeumia wapi, unaweza kutembea, una maji? Waokoaji wanajua waje na nini.

Tena si kila shida ni SOS. Mto umejaa na umekwama ng'ambo mpaka kesho. "Niko salama, nachelewa siku moja" inatosha kumtuliza mama nyumbani asianzishe msako. ZOLEO nayo inapitia Iridium, ila kuandika ujumbe wako mwenyewe kunahitaji simu; simu ikilowa, unabaki na SOS na ujumbe wa "niko salama" tu.

Kasoro ni ada. Kifurushi kikiisha, hata SOS haiendi. Lipia kabla hujaondoka, na beba pawabenki.

2. PLB

Hii ni bikoni ndogo ya kuita waokoaji. Haina ada. Hurusha mawimbi ya megahezi 406 kwa nguvu ya wati 5 kwenda Cospas-Sarsat, mpango wa setilaiti za uokoaji ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovyeti mwaka 1979. Betri hukaa miaka 5 hadi 7 bila kuguswa, na ukiiwasha inatuma kwa saa 24 au zaidi. Kwa mtu anayesahau kuchaji, hii ndiyo yake, na kama mfuko unaruhusu ningebeba zote mbili.

Lakini huwezi kusema umeumwa na nyoka. Inasema tu wewe ni nani na uko wapi. Hilo la "ni nani" linategemea usajili, na hapo ndipo wanunuzi wa mitumba wanapoumia: bikoni bado iko kwa jina la mwenye kuiuza, na betri imepita tarehe. Soma tarehe kabla ya kutoa pesa.

3. Simu ya setilaiti

Kusikia sauti ya daktari ni jambo kubwa, ila ni nzito, na lazima ujue namba ya kupiga. Mtandao wa Thuraya haufiki bara la Amerika. India, kuingia na simu ya Iridium au Thuraya bila kibali kunaweza kukufikisha polisi.

4. Simu yako ya mkononi

iPhone 14 na zilizofuata zinatuma SOS kwa setilaiti, katika baadhi ya nchi tu. Ni akiba nzuri, lakini kioo kikipasuka umebaki na kipande cha bati.

5. SPOT Gen4

Inatuma, haipokei. Ada unalipa vilevile, kwa hiyo mimi naipita.

Chochote utakachochagua, kifunge kwenye mkanda wa bega, antena ikitazama juu. Begi likiporomoka bondeni, kisiende nalo. Jaribu kutuma ujumbe wa kawaida ukiwa uwanjani, kisha chini ya miti minene, uone tofauti ya dakika. Kitufe cha SOS usikijaribu.