SSD mpya niliyotaka kuirudisha dukani, kumbe nzima: uzoefu wangu, Tanga

Nina steshenari ndogo Makorora, hapa Tanga mjini. Nachapa mitihani ya shule za msingi, barua za maombi ya kazi, kadi za mialiko, na fotokopi za kila aina. Mashine ninayoitegemea ni kompyuta mpakato ya mtumba, prosesa ya Intel kizazi cha 8, RAM GB 8. Kwa uwezo huo haikupaswa kuwa nzito, lakini ilikuwa nzito ya kukatisha tamaa. Nikiiwasha asubuhi nafagia, namwaga maji mlangoni kuua vumbi, napanga rimu za karatasi, narudi bado inazunguka. Mteja mwenye karatasi moja tu ya kutoa anasubiri mpaka anaaga.

Kosa lilikuwa kwenye hadi diski yake ya zamani. Ndani ya diski ya aina ile kuna sahani inayozunguka, ya kwangu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa mwanya mwembamba kuliko unywele. Nami kila jioni nilikuwa nafunga kifuniko tu bila kuizima, naiweka kwenye kapu la baiskeli, narudi nayo nyumbani Mikanjuni juu ya mashimo na kokoto. Miaka mitatu ya kutikiswa hivyo! SSD, yaani diski ya kisasa, haina kinachozunguka, data zinakaa kwenye chipu, na hiyo peke yake ilinitosha kuamua.

Nilinunua ya GB 480, ile ya umbo la inchi 2.5 inayoingia kwenye SATA, yaani tundu la kawaida la kuungia diski, katika duka moja la Ngamiani, kwa shilingi 105,000. Kaka wa dukani, muungwana sana, aliichomeka kwenye mashine yake nishuhudie kwamba inasoma, akaipiga fomati, nikaona GB 447. Nikauliza zangu 33 zimekwenda wapi. Hazijaibwa. Kiwandani GB moja huhesabiwa kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows hupanda kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa hiyo 480 za kwenye boksi husomeka 447. Ukikuta namba hiyo usigombane na mtu.

Fundi wangu ni kijana tunayeheshimiana. Kufungua mashine, kutoa ya zamani na kufunga mpya kulimchukua robo saa, bisibisi moja tu. Akachomeka flashi yake, akabonyeza F12 ili mashine iwakie kwenye flashi, tukaanza kupiga windo, yaani kuweka Windows. Diski ikaonekana kwenye orodha. Tulipotaka kuendelea, ikakataa.

"Dada, hii diski mbovu," akasema. "Mrudishie akubadilishie."

Nilikwisha kuchukua mtandio wangu nitoke. Kisha nikamwambia, mdogo wangu, hebu kwanza tusome imeandika nini. Kulikuwa na mstari mdogo wa maandishi chini ya orodha, na tulipoubonyeza ukafunguka maelezo kamili: diski hii ina jedwali la MBR, na kwenye mashine ya EFI Windows huwekwa kwenye diski za GPT tu. Hakuna neno ubovu mahali popote pale.

Kwa asiyefahamu, chukua mfano wa kaunta buku. Ukurasa wa mbele unaandika kipi kimeanzia wapi na kimeishia wapi. MBR ni mtindo wa zamani wa kuandika ukurasa huo, wa tangu 1983, na hauwezi kuhesabu zaidi ya TB 2 wala kugawa zaidi ya sehemu kuu 4. GPT ni mtindo mpya uliokuja pamoja na EFI, ambayo siku hizi tunaiita UEFI, mfumo uliochukua nafasi ya BIOS ya kale, yaani programu ya ndani inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Diski mpya kutoka kwenye boksi mara nyingi haina jedwali lolote. Hii yangu ilipata MBR pale dukani, wakati kaka yule anaipima kwa nia njema. Basi kama ningeirudisha, angenipa nyingine, angeipima vilevile, na ningekuja kukwama palepale.

Kabla ya kugusa kitu nilichomoa hadi diski ya zamani, ambayo tulikuwa tumeiunganisha kwa waya wa USB ili tuhamishe mafaili. Humo mna mitihani ya miaka mitano. Nawasihi wenzangu hatua hii msiiruke, kwa sababu amri inayofuata inafuta jedwali zima la diski na haiulizi mara ya pili kama una hakika.

Tukabonyeza Shift na F10 kwa pamoja, kikafunguka kidirisha cheusi. Tukaandika diskpart, kisha list disk. Zikatoka mbili: ya GB 447 na flashi ya GB 14. Hapo ndipo pa kutulia, usome ukubwa, usikariri kwamba yako ni namba fulani kwa sababu ya mwenzio ilikuwa hiyo. Yetu ilikuwa 0. Tukaandika select disk 0, clean, halafu convert gpt. Tuliporudia list disk, alama ya nyota ilikaa chini ya neno Gpt. Tukatoka, tukarudi kwenye orodha, tukachagua nafasi yote ikiwa tupu bila kuikata wenyewe, maana programu ya kuweka Windows hujitengea yenyewe vile vipande vidogo inavyovihitaji. Ikakubali. Furaha yangu siwezi kuieleza.

Dakika kumi baadaye ikasimama na namba 0x80070570, ikidai kwamba faili fulani limeharibika au halipo. Fundi akaitazama tena SSD kwa jicho baya. Mimi sasa niliiamini, nikauliza habari za flashi. Akakiri ni ya siku nyingi, na hiyo Windows iliyomo alinakili kwa fundi mwenziwe. Basi nikajiunga bando la usiku, nikaazima kompyuta ya jirani, nikashusha upya kutoka tovuti ya Microsoft kwa kutumia programu yao ya kutengenezea flashi. Ni zaidi ya GB 5, na flashi isiwe chini ya GB 8. Nilinunua flashi mpya pia. Kesho yake ikapita moja kwa moja hadi mwisho. Kwa kuwa tulibadilisha vyote viwili kwa pamoja, sitadai kujua kama aliyekosa ni flashi au faili, ila diski haikuwa na hatia kwa mara ya pili.

Mara ya tatu nilitetemeka. Mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, kioo kikawa cheusi, na maandishi kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Baada ya kazi yote ile! Tulipoingia kwenye mipangilio ya kuwashia, ambayo wengi bado wanaiita BIOS, tukakuta bado iko Legacy, yaani njia ya zamani, kama alivyoiacha aliyeniuzia. Flashi tuliichagua kwa mkono kupitia F12, ikaanza kwa UEFI, kwa hiyo Windows ikajiweka kwa njia mpya. Lakini mashine ikiachwa yenyewe ilikuwa inatafuta kwa njia ya zamani na haioni kitu. Tukaigeuza iwe UEFI, tukawasha na Secure Boot, kinga ya kuzuia programu zisizotambulika mashine inapowaka, tukahifadhi. Ikawaka. Kumbe tatizo la kwanza na la tatu ni ndugu: flashi, diski na mashine yenyewe lazima viwe vinazungumza lugha moja, na mtu akiangalia hilo kabla hajaanza atajiokolea siku nzima.

Kulikuwa na suala la ufunguo pia, yaani namba ya leseni ya Windows. Fundi alisema niandae 25,000 za kununua ufunguo wa Windows. Mashine yangu ilikuwa na Windows halali tangu awali, na leseni ya namna hiyo inashikamana na ubao mama, haikai kwenye diski. Nilipoulizwa ufunguo wakati wa kuweka nilichagua kwamba sina, nikachagua toleo lilelile la mwanzo, na nilipounganisha intaneti ikajithibitisha yenyewe. Fundi hakuwa na nia ya kunipunja, ndivyo alivyozoeshwa. Sasa anawaeleza wateja wake wengine.

Nilipima kwa saa ya simu. Zamani, tangu kubonyeza hadi kuweza kufungua Word, dakika 3 na sekunde 50. Sasa sekunde 24. Mtihani wa kurasa 40 wenye picha unafunguka kabla sijaketi vizuri. RAM ni ileile, prosesa ni ileile. Kwa mwenye mashine ya mtumba ya kizazi cha karibuni, sijaona shilingi 105,000 zinazofanya kazi kubwa kuliko hizi.

Yapo ninayoyachunga. Niliambiwa niipige difragi kila mwezi, sifanyi. Difragi ilikuwa ya kusogeza vipande karibu ili kichwa kisihangaike, na humu hakuna kichwa; Windows inajua hii ni SSD na inaitunza yenyewe kwa amri iitwayo TRIM. La pili, hadi diski mara nyingi hukwaruza na kugonga kabla ya kufa, unapata onyo. SSD inaweza kuzimika ghafla bila mlio, na kuyarudisha yaliyomo ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo mitihani naiweka Google Drive kila Ijumaa, na nakala nyingine kwenye flashi inayolala nyumbani. Walimu wameniamini na kazi zao, siwezi kuwaambia zimepotea.

Wiki hii nimerudi Ngamiani kuchukua nyingine, ya GB 240, kwa kompyuta ya mezani ya wifi yangu. Nimemsimulia kaka wa dukani yote, akasikitika, nikamwambia hakuna ubaya. Safari hii ameichomeka, imesomeka, na kabla hajaigusa fomati nimemzuia mkono. Ameichomoa kama ilivyo, nikalipa, nikaitia kwenye mkoba.