Kisu cha kukunja kinachofunguka mfukoni: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Mimi ni karani wa ghala huko Shimanzi, Mombasa, na katika kazi hii kisu kidogo hutumika kuliko kalamu, kwa sababu tangu asubuhi hadi jioni kuna katoni za kufungua, mikanda ya nailoni ya kukata na magunia yaliyoshonwa midomo. Kisu changu cha zamani kilipopotea nilinunua kingine cha kukunja, kwa shilingi 850, katika duka moja karibu na Mwembe Tayari. Sitalitaja duka, wala jina lililochorwa kwenye bapa, kwa kuwa visu vya umbo lile huuzwa kwa majina chungu nzima na kasoro ninayotaka kuieleza imo katika muundo wake.

Nianze kwa haki. Kisu kile kilikuwa kikali tangu siku ya kwanza, na baada ya miezi mitatu ya kukata katoni, kazi inayojulikana kwa kuua makali upesi, nilikinoa mara mbili tu. Mpini wake ni wa alumini nyeusi, bapa lake lina urefu wa sentimita 8 hivi, na ubavuni mwa bapa kuna kitufe cha kusukumwa kwa kidole gumba, hivi kwamba mtu aliyeshika katoni kwa mkono mmoja hukifungua kwa mkono wa pili bila taabu. Muuzaji, kijana mchangamfu, alikifungua mbele yangu, kikalia “ta!”, kisha akaligonga bapa kwenye ukingo wa meza ili nione kwamba halirudi. “Ami,” akaniambia, “komeo hili la chuma. Likishashika, halitoki.” Alisema kweli tupu. Mimi ndiye niliyesikia zaidi ya alichosema, nikadhani kwamba kisu chenye komeo imara ni imara katika hali zote mbili, kikiwa wazi na kikiwa kimekunjwa.

Katika wiki ya tano skrubu moja ya klipu, ile inayokishikiza kisu kwenye ukingo wa mfuko, ilidondoka, klipu ikalegea, nikaiondoa kabisa. Tangu hapo kisu kikawa kinakaa chini kabisa mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Wiki moja baadaye, jioni, nilikuwa nimevuka feri ya Likoni, nimepanda ule mteremko kwa kusukumana kama kawaida, nikapata kiti katika matatu ya Mtongwe. Makanga alipofika kwangu nilitia mkono mfukoni kutafuta nauli. Sikusikia maumivu. Nilisikia ubaridi, kama wa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, halafu vidole vikawa na utelezi, na noti ya shilingi 50 niliyoitoa ilikuwa nyekundu nusu nzima. Makanga aliitazama, akanitazama, akakataa kuipokea. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alifungua mkoba akanipa kitambaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Pole, baba. Umeweka nini humo?” Nilikichomoa kisu taratibu kwa mkono wa kushoto, nacho kilikuwa kimefunguka nusu, bapa limesimama mfukoni kama domo la chaza, na watu wawili wa kiti cha mbele wakajisogeza. Aibu ile sikuitarajia. Kuonekana na kisu wazi ndani ya matatu si jambo ambalo mtu anaweza kulieleza haraka.

Nilishonwa nyuzi tatu kwenye kidole cha kati, nikachomwa sindano ya pepopunda, na gharama ya zahanati ikapita bei ya kisu. Nilipofika nyumbani niliugeuza mfuko wa suruali nikaona bitana imechanika upande wa paja. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu hasa, maana kidole kina mfupa wa kuzuia, lakini pajani kuna mshipa mkubwa wa damu ambao mtu hapaswi kuufanyia majaribio.

Siku ya pili nilitandika gazeti mezani nikakifungua skrubu moja moja ili nielewe. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba la chuma lililopindwa kidogo, na bapa linapofunguka lote, bamba hilo huruka na kukaa nyuma ya kisigino chake, likalizuia kurudi na kukata vidole. Hilo ndilo komeo alilolisifia muuzaji. Kisu kikikunjwa, komeo hilo halishiki kitu. Bamba hulibana bapa kwa ubavuni tu, na kinacholizuia lisitoke ni gololi ndogo kama punje ya mtama, iliyopachikwa kwenye bamba, ambayo hutumbukia katika kitundu kilichotobolewa kwenye bapa. Katika kisu kilichotengenezwa vizuri kitundu hicho huwa na kina cha kutosha, na mtu husikia gololi ikiliachia bapa anapolisukuma. Katika changu kitundu kilikuwa kama alama ya kalamu. Zaidi ya hayo, skrubu ya bawaba ilikuwa imelegea, bapa likawa linayumba, na gololi haikukutana na kitundu chake sawasawa. Ongeza kitufe kile kinachojitokeza ubavuni, ambacho funguo zinaweza kukisukuma kama gumba linavyokisukuma, na ongeza mrukoruko wa matatu. Sioni ajabu kwamba kilifunguka, naona ajabu kwamba kilisubiri wiki sita. (Nimejizuia kuandika kwamba “kilijifungua”, ingawa kwa damu niliyoiona neno lenyewe lingefaa.)

Nilimpelekea fundi saa mmoja mjini. Alikaza skrubu ya bawaba, kisu kikawa kizito hata kukifungua kukahitaji mikono miwili. Akailegeza robo mzunguko, kikawa sawa. Ili isilegee tena alipaka rangi ya kucha kwenye nyuzi za skrubu, ujanja wa mafundi ambao husaidia kwa muda. Changu kilidumu siku kumi. Sidhani kosa lilikuwa lake, kwa kuwa kitundu hakikuongezeka kina, na vumbi la katoni pamoja na hewa yetu ya chumvi havikuacha kuingia kwenye bawaba.

Nilimrudia muuzaji, kidole kikiwa bado na bendeji. Aliniambia kwamba kisu cha aina hiyo lazima kiwe chepesi ili kifunguke upesi, akajitolea kunibadilishia. Nilimwomba aniletee vitatu vya aina ileile. Nikashika kila kimoja kwa mpini, upande wa bapa ukitazama chini, nikatikisa kifundo cha mkono mara moja kwa nguvu ya kukung’uta maji. Viwili vilifunguka. Alicheka mwanzo, halafu akavirudisha kwenye sanduku bila kusema neno. Fedha sikurudishiwa, wala sikuzidai.

Mtu anayetaka kununua kisu kama hiki na afanye jaribio hilo dukani, kabla hajasikia habari ya komeo. Na atakayekuwa nacho tayari asikiache kielee mfukoni kama nilivyofanya mimi. Klipu ikiwa nzima, kisu hukaa pembeni mwa mfuko, mgongo wa bapa ukiegemea mshono wa nyuma, kwa hiyo bapa likitaka kutoka hukutana na mshono na haliendi popote.

Nimelinganisha na visu vingine viwili. Marehemu ami yangu, aliyekuwa baharia, alikuwa na kisu kisicho na komeo lolote, chenye springi nene mgongoni, na ili kukifungua ilimbidi atie ukucha kwenye kijibonde cha bapa na kuvuta kwa nguvu. Alikibeba mfukoni mwa kaptura miaka mingi, hakikuwahi kufunguka chenyewe, kwa sababu springi ile hulivuta bapa lirudi ndani. Mwenzangu kazini ana Opinel, kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mti na pete ya chuma shingoni. Pete hiyo iliwekwa mwaka 1955 kulizuia bapa lililo wazi, na tangu mwaka 2000 huweza pia kulifunga bapa likiwa limekunjwa, jambo ambalo waundaji wa kisu changu hawakulifikiria. Kasoro yake hapa Pwani ni mti wenyewe: siku za masika huvimba kwa unyevu, na nimemwona mwenzangu akikigonga kisu mezani ili kifunguke.

Mimi nimerudi kwenye cha springi ya mgongoni. Hunichukua muda zaidi kukifungua, na kwa kuwa hakina komeo sikitumii kuchoma wala kutoboa, kisije kikanikunjikia vidoleni. Kile cha shilingi 850 sikukitupa, maana makali yake ni mazuri mno kutupwa. Kimo kwenye droo ya meza yangu ghalani, kimefungwa kwa vipande viwili vya mpira wa tairi, na kijana anayenisaidia hukitoa kufungulia katoni kisha hukifunga upya mbele ya macho yangu.