Miezi 16 ya taekwondo: uzoefu wangu katika madarasa mawili ya Dar es Salaam

Mwanangu wa miaka 9 alikataa kuingia darasani peke yake, nami nikamwahidi kwamba tungeingia wote kwa wiki moja tu, mpaka azoee. Wiki hiyo sasa imefikisha miezi 16, mimi nikiwa mama wa miaka 41 ambaye kabla ya hapo zoezi lake kubwa lilikuwa kukimbilia daladala. Katika muda huo tumepitia madarasa mawili ya taekwondo, mchezo wa kupigana wa Kikorea, yote ya hapa Dar es Salaam. Sitayataja majina: la kwanza kwa sababu nina malalamiko nalo, la pili kwa sababu mwalimu wake hakunituma kumtangaza. Ninachotaka kueleza ni namna nilivyokuja kutofautisha mafundisho na maonyesho, jambo ambalo lilinigharimu fedha na kidole kimoja cha mguu.

Darasa la kwanza lilipendeza macho. Lilikuwa na vioo ukuta mzima, kiyoyozi, mikeka mipya isiyo na hata doa, na bendera ya Korea Kusini sambamba na ya Tanzania. Ada ilikuwa shilingi 80,000 kwa mwezi kwa kila mmoja wetu, na juu yake kulikuwa na mtihani wa mkanda, yaani wa kupanda cheo, kila baada ya miezi miwili kwa shilingi 50,000. Sikuwahi kumwona mtu aliyefeli. Ndani ya miezi minne mimi na mwanangu tulikuwa tumevuka mkanda mweupe na wa njano, tumefunga wa kijani, na picha zetu zimebandikwa mlangoni. Hata hivyo, mdogo wangu aliponiomba nimwonyeshe nilichojifunza, nilirusha teke moja sebuleni nikaangukia kochi.

Kilichoanza kunitia shaka ni ahadi. Mwalimu alitushawishi tulipie kifurushi cha mwaka mzima, akisema kwamba mwisho wa mwaka huo mwanangu angekuwa na mkanda mweusi wa dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza. Mimi ni mtu wa kusoma kabla sijalipa, kwa hiyo nikaanza kusoma. Vyeo vya mkanda mweusi katika tawi la taekwondo linalochezwa kwenye Olimpiki husajiliwa na Kukkiwon, makao yaliyofunguliwa Seoul tarehe 30 Novemba 1972, na kwa utaratibu wao mtoto aliye chini ya miaka 15 hapewi dan bali hupewa poom, yaani daraja la watoto, na mkanda wake huwa nusu mwekundu nusu mweusi. Mtu anayejitangaza kuwa na cheti cha Kukkiwon asiyejua jambo hilo alinifanya nitilie mashaka hata cheti chake mwenyewe. Vyeti hivyo huwa na namba ya kuhakikiwa, nami niliomba namba yake kwa adabu zote. Jibu lilikuwa, “Mama, wewe njoo ufanye mazoezi tu.”

Nilikwenda kufanya mazoezi, na mwezi wa tano nikaumia. Tuliambiwa tupambane wawili wawili bila kinga ya miguu, na nilipozungusha teke la dolyo chagi nililenga mbavu za mwenzangu, yeye akashusha mkono kujikinga, vidole vyangu vikakutana na kiwiko chake. Mguu ulivimba kama andazi. Miezi yote mitano hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba teke hilo hupigwa kwa mgongo wa unyayo huku vidole vimenyooshwa na kubanwa, na kwamba katika ap chagi, teke la mbele, vidole huvutwa nyuma ili pigo litue kwenye ile sehemu nene iliyo chini yake. Ni maelezo ya dakika moja. Nilikaa nyumbani wiki tatu, na ujumbe pekee nilioupata kutoka darasani ulikuwa wa kunikumbusha ada.

Darasa la pili tulilipata kwa mama mmoja jirani. Hufanyika katika ukumbi wa shule baada ya masomo, Jumatatu na Jumatano saa 11 jioni na Jumamosi asubuhi, juu ya sakafu ya saruji ambayo wanafunzi wenyewe huitandika mikeka ya sponji kabla ya kuanza na kuitandua baada ya kumaliza. Mwalimu ni kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nikifika hunisalimu, “Shikamoo, mama,” nami naitika marahaba. Dakika tano baadaye, mwanafunzi mkubwa akitoa amri ya “charyeot, kyeongnye”, yaani simameni wima, toeni heshima, mimi ndiye ninayemwinamia, na kuanzia hapo namwita sabumnim, yaani mwalimu, mpaka darasa lifungwe. Tukishavua mikanda narudi kuwa mama. Mzazi mmoja aliuliza iwapo kuinama huko ni aina ya ibada; alijibiwa kwamba ni salamu, kama binti wa Kisukuma anavyopiga goti kumwamkia mkubwa, naye aliridhika. Wasichana wawili wanaovaa hijabu hufanya mazoezi nayo bila mtu kuwauliza lolote.

Siku ya kwanza alitutazama tukirusha mateke matatu kila mmoja, kisha akatuomba, bila kutudhihaki, turudi kwenye mkanda mweupe. Mwanangu alilia kwenye bajaji njia nzima. Nilimwelewa, kwa sababu hata mimi koo lilikuwa limenikaba.

Sasa nieleze kuhusu kandambili. Ndilo jina ambalo watoto wa darasa letu wamekipa kile kifaa cha kupigia mateke chenye mpini na vipande viwili vya ngozi vilivyojazwa sponji, kwa kuwa kweli kinafanana na ndala mbili zilizowekwa pamoja, na kikipigwa sawasawa vile vipande hugongana vikatoa mlio mkali, “paa!” Katika darasa la kwanza mlio huo ulikuwa haukatiki, tena hata mtoto wa miaka 5 aliutoa, na sisi wazazi tulioketi kwenye viti tulipiga makofi. Nilipoanza kumtazama mwalimu wa pili kwa karibu ndipo nilipofahamu kilichokuwa kikitendeka kule: mwalimu wa kwanza alikuwa akikisukuma kifaa kuufuata mguu wa mwanafunzi, kwa hiyo mlio ulikuwa wa mkono wake, wala haukuwa wa teke letu. Huyu wa pili hukishika mbele ya kiuno cha mpigaji, hukituliza pale pale, na mguu unapofika hukiacha kirudi nyuma kidogo ili kifundo cha mtoto kisiteguke. Usipofika, hakuji kukupokea. Wiki mbili za kwanza nilipiga hewa na kimya kilikuwa kikubwa mno, lakini siku nilipousikia ule mlio nilijua kwamba ni wangu.

Kwa hiyo, kama mzazi angenitaka nimpe kipimo kimoja cha kuchagulia darasa, ningemwambia aache kutazama bendera na vioo, akae pembeni nusu saa autazame mkono wa mwalimu ulioshika kandambili.

Kipimo kingine ni maneno anayoyatumia kusahihisha. Wa kwanza alikuwa na maneno mawili, “nguvu zaidi” na “juu zaidi”. Wa pili hulivunja teke vipande vipande: goti kwanza, halafu unyayo wa mguu uliosimama ugeuke mpaka kisigino kielekee unakolenga, halafu nyonga, mwisho kabisa mguu ukunjuke. Kwangu mimi tatizo lilikuwa unyayo uliosimama, ambao ulikuwa umeganda kama mhimili, na goti langu ndilo lililokuwa likipata tabu ya kujipinda. Aliliona siku ya tatu. Alichukua chaki akachora duara sakafuni chini ya mguu wangu, akaniambia nisirushe teke lolote jioni ile, nigeuke tu ndani ya duara mara mia moja kwa kila mguu.

Kuhesabu hufanywa kwa Kikorea, na hapo pana kichekesho kinachowapata wageni wote, kwa sababu moja kwa Kikorea ni “hana”. Mwalimu akinguruma “hana!” kila mtoto mpya hugeuka kumtazama mwenzake, na mwanangu wiki ya kwanza alinong’ona, “Hana nini?” Zinazofuata ni dul, set, net, na baada ya mwezi mmoja alikuwa akihesabu hivyo hata sahani za chakula.

Jumamosi ni siku ya pumse, yaani mfululizo wa hatua uliopangwa ambao mtu huufanya peke yake kana kwamba maadui wanamjia kutoka pande mbalimbali. Anayeanza hujifunza Taegeuk Il Jang, pumse ya kwanza, yenye hatua 18, kisha huendelea mpaka ya nane kabla ya kufikia mkanda mweusi. Nilidhani ni ngoma tu ya kukariri. Mwalimu alichora kwa chaki mistari mitatu iliyokingama na mmoja unaoikata katikati, akaeleza kwamba hiyo ndiyo njia tunayoitembea, na kwamba kila pumse katika hizo nane ina alama yake ya mistari, ya kwanza ikiwa ni mbingu. Alama nne kati ya hizo ndizo zilizomo kwenye pembe za bendera ya Korea Kusini. Tangu siku hiyo mwanangu haichori bendera hiyo bila kutaja majina ya alama zake. Mimi faida niliyoipata ni nyingine: pumse haina kandambili wala mpinzani wa kulaumiwa, kwa hiyo kosa likitokea mwenyewe unaliona.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kufundishwa kufundisha. Baada ya mkanda wa njano, kila mwanafunzi hukabidhiwa mgeni mmoja kwa dakika kumi, mwalimu akiwa amesimama nyuma amefunga mikono. Mimi nilipewa binti wa miaka 7 nimwelekeze arae makki, yaani kukinga chini. Nilimwonyesha mkono unaokinga kwa ufasaha wote niliokuwa nao, yeye akaniuliza, “Bibi, na huu mwingine unafanya nini?” (Bibi! Lakini nilimsamehe.) Nilitazama mkono wangu wa pili nikaukuta unaning’inia kama nguo kwenye kamba, wakati ulipaswa kurudi kiunoni umekunja ngumi kwa nguvu ileile. Nilikuwa nimeifanya kinga hiyo kwa miezi mingi.

Kuhusu sifa za mwalimu wangu nitasema ukweli kama yeye alivyousema. Ana dan ya pili tu, na mitihani yetu husimamiwa na mkubwa wake anayekuja mara tatu kwa mwaka. Kozi ya Kukkiwon ya walimu wa kimataifa, hata katika ngazi yake ya chini, hutaka mtu awe na dan ya nne, na kwa utaratibu wa kawaida kutoka dan ya kwanza mpaka hiyo ya nne ni miaka 6 angalau: mmoja, kisha miwili, kisha mitatu. Bado hajafika huko na hajifanyi kuwa amefika. Nilipomwomba namba ya cheti chake alikitoa kwenye begi, kimefungwa kwa plastiki.

Kasoro zipo. Hakuna chumba cha wanawake kubadilishia nguo, kwa hiyo huja nimevaa doboki, sare ya taekwondo, ndani ya dera, na makondakta wamekwisha kunizoea. Masika paa huvuja upande wa jukwaa. Kinga za kifua, hogu, ni nne kwa watu zaidi ya ishirini, na harufu yake sina haja ya kuieleza. Hazina vihisio vya umeme kama zile za mashindano makubwa, hivyo pointi huhesabiwa kwa macho, mbili kwa teke la kifuani na tatu kwa la kichwani, na ubishi hauishi. Ada ni shilingi 70,000 kwa mzazi na mtoto pamoja, mtihani ni 20,000, na katika mtihani uliopita watu wanne walifeli, mmoja wao akiwa baba mzima mwenye kitambi aliyeondoka bila kuaga na kurudi Jumatatu iliyofuata.

Anayetafuta kujihami kwa haraka huenda asiridhike. Kanuni za mashindano haziruhusu ngumi ya usoni, kwa hiyo mikono yetu ni mizito, na kaka yangu mpenda masumbwi hunicheka kila Idi. Mimi humwonyesha kwenye simu fainali ya kilo 80 ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, pale Cheick Cissé wa Ivory Coast alipokuwa nyuma ya Mwingereza Lutalo Muhammad, akageuka na kumpiga teke la kichwa katika sekunde ya mwisho, matokeo yakawa 8 kwa 6. Kaka hunyamaza kidogo, kisha husema kwamba mimi si Cissé.

Hakosei. Mtihani wetu wa mkanda wa bluu ni mwezi ujao. Mwanangu yuko tayari tangu wiki mbili zilizopita, na pumse yangu imekaa sawa, ila dolyo chagi ya mguu wa kushoto jana jioni ilifikia kandambili mara nne katika kumi, na mwalimu hakuusogeza mkono.