TAHADHARI: "Seti kamili ya kushusha gari" ambayo ni springi zilizokatwa na shokapu zilizopakwa rangi

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaotaka kushusha gari (kulifanya likae chini zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani) kwa mara ya kwanza, someni hii kabla hamjamtumia mtu yeyote hela.

Kuna muuzaji anatangaza seti ya springi 4 nyekundu na shokapu 4. Anasema ni mpya kabisa, na bei yake ni karibu nusu ya wengine wote. Picha ni safi, maneno ni matamu, na mzigo unafika kweli. Hapo ndipo wengi wanapoingia, kwa sababu tumezoea kumwogopa tapeli anayekula hela na kuzima simu. Huyu simu hazimi. Unapokea boksi, unafungua, vyuma vinang'aa, unamshukuru na kumsifia kwa wenzako, kisha unampelekea fundi. Ubaya unaanza kujitokeza gari likishaingia barabarani.

Kazi yangu ni ya chini ya gari: shokapu, springi, bushi, boli jointi. Nimeletewa magari yaliyofungwa seti hii na malalamiko yanafanana: gari linadunda, linagonga chini kwenye kila tuta, na likipita shimo unasikia mlio wa chuma kana kwamba kuna kitu kimelegea. Jina la duka amelibadilisha na picha zinabadilika, kwa hiyo nitawapa alama za mzigo wenyewe. Hizo hawezi kuzibadilisha kirahisi.

Nianze na springi. Tulikwangua rangi nyekundu kwa kisu karibu na ncha. Chini yake kulikuwa na rangi nyeusi ya zamani, na chini ya hiyo nyeusi vishimo vidogo vya kutu. Tulipoendelea kukwangua ikatokea mistari miwili ya rangi iliyopakwa kwa brashi. Viwanda vya magari huweka alama za namna hiyo kutofautisha springi za ugumu mmoja na mwingine. Tukachukua springi halisi ya gari la aina ile ile tukailaza pembeni: mistari ile ile, unene ule ule wa chuma. Tofauti ni kwamba ya kwake ilikuwa imepungua mzunguko mmoja na zaidi. Ncha ilikuwa imekatwa kwa grainda, ukingo wake mkali, na rangi ilipotoka yote tukaona chuma cha karibu na mkato kimegeuka bluu kwa joto. Hiyo si springi ya kushushia. Ni springi ya kawaida iliyotoka kwenye gari la mtu, ikakatwa, ikapigwa rangi.

Najua kuna watakaosema kukata springi kumekuwepo siku zote na magari yanatembea. Sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi. Springi ikipungua mizunguko inakuwa ngumu zaidi. Ikiwa ina mizunguko 6 inayofanya kazi ukaondoa mmoja na nusu, ugumu unapanda kwa theluthi moja, huku shokapu iliyopo ilipimwa kwa ugumu wa zamani. Kwa hiyo springi inarusha na shokapu haiwezi kuituliza. Joto la grainda nalo likizidi linaharibu ugumu aliouweka mtengenezaji, na chuma cha springi kilichopoteza ugumu wake kinaweza kulegea au kukatika.

Kinachonitisha zaidi ya yote ni springi kutoka kwenye kikalio chake. Weka gari juu ya jeki, acha tairi lining'inie, kisha shika springi kwa mkono. Kwenye gari mojawapo ilizunguka mikononi mwangu kama kikombe mezani. Maana yake tairi likishuka ghafla ndani ya shimo, springi inabaki hewani, inageuka, na inaporudi inaweza kukaa upande. Hapo gari linaweza kuyumba, au ncha ile kali ikala tairi kwa ndani. Springi fupi iliyotengenezwa ipasavyo, ikifungwa na shokapu inayoendana nayo, hukaa mahali pake hata tairi likining'inia mpaka mwisho.

Shokapu sasa. Kwa macho zilikuwa mpya, na stika ya kampuni inayojulikana. Stika si ushahidi wa chochote, mashine ya kuchapia kila mtu anayo. Tulipoibandua moja tukakuta kitone cha kuchomelewa kwenye mwili wa shokapu, kimesagwa na kupakwa rangi juu. Shokapu ile ilitobolewa, ikajazwa oili, ikazibwa. Tulipozitazama nyingine nazo zilikuwa na kitone kama hicho chini ya stika, mahali pale pale. Rodi, kile chuma kinachoingia na kutoka ndani ya shokapu, nayo ilisema ukweli: ukiivuta yote nje na kupitisha kucha unahisi mikwaruzo na madoa ya kutu yaliyosuguliwa kwa msasa. Rodi ya shokapu mpya ni laini kama kioo, lazima iwe hivyo, maana mkwaruzo mmoja tu unachana sili (raba ya kuzuia oili) na oili inaanza kuvuja. Namba iliyogongwa kwenye chuma ilikuwa imefutwa kwa tupa.

Mkitaka kujaribu wenyewe kabla ya kulipa, isimamisheni shokapu wima, rodi juu, muibonyeze na kuivuta mara kadhaa. Msihukumu kwa mara ya kwanza, kwa sababu shokapu nyingi zilizolazwa muda mrefu huwa na hewa mahali isipotakiwa, na hewa hiyo hutoka ukiipampu wima. Ikishatoka, mkono unapaswa kuhisi uzito unaolingana mwanzo hadi mwisho. Kama bado kuna sehemu rodi inaporomoka bila kuzuiwa, iacheni. Shokapu ya gesi, ukiibonyeza na kuiachia, rodi hurudi juu yenyewe. Za kwake, ambazo aliandika ni za gesi, zilibaki pale pale zilipobonyezwa.

Hata kama hamna kisu wala jeki, namba peke yake inatosha kumkamata. Springi za kushushia za kampuni zinazoeleweka zina namba ya bidhaa, na namba hiyo inataja gari: aina, mwaka, injini, mara nyingi hata uzito unaoruhusiwa kwenye ekseli. Gari la dizeli lenye injini nzito mbele linaweza kuwa na springi tofauti na la petroli la umbo lile lile. Springi za mbele na za nyuma nazo si kitu kimoja. Za Ujerumani, kama Eibach na H&R, mtaona herufi VA kwa ekseli ya mbele na HA kwa ya nyuma. Seti ya huyu bwana ilikuwa na stika yenye namba moja kwenye springi zote 4. Anayejua kazi hii akiona hivyo tu anarudisha boksi.

Mwombeni picha ya namba, siku hiyo hiyo, springi ikiwa pembeni ya karatasi mliyoandika neno mlilochagua nyinyi. Kisha mwambieni rafiki aulize seti ya gari tofauti kabisa. Waliofanya hivyo walipewa picha ile ile. Akibanwa anajibu kwamba springi zake "zinaingia gari zote za saizi hiyo", kwamba fundi wako hana uzoefu, na kwamba mzigo ukishafungwa haurudi. Hilo la mwisho ndilo ngao yake: asiyejua alama hizi haoni kasoro mpaka afunge, na akifunga, kwa masharti yake huyo muuzaji, ameshapoteza haki ya kurudisha.

Halafu kuna hili ambalo limeniumiza kuliko mengine. Anakupunguzia bei ukimpa springi na shokapu zako za zamani. Kijana anafurahi, anaona ametoa vyuma chakavu akapata nafuu. Sasa rudini kwenye ile mistari miwili ya rangi chini ya nyekundu. Siwezi kuapa, lakini naamini kabisa springi zako leo ndizo zinazokatwa na kuuzwa kwa mwenzako kesho. Na wewe siku unapogundua umeuziwa takataka, huna cha kurudishia. Kwa hiyo springi za gari lako usizitoe kwa mtu, hata kama umenunua seti halali. Zifunge kwenye mfuko, ziweke stoo.

Sasa, mtu anayetaka kushusha gari kwa haki afanyeje? Kwa seti ya kwanza mimi huwashauri watu kushuka milimita 25 hadi 35, si zaidi. Hapo gari linapendeza, linatulia kwenye kona, na shokapu bado ina nafasi ya kusafiri. Ukishuka zaidi ya hapo rodi inaishi karibu na raba ya kizuizi (ile inayozuia shokapu isigonge mwisho), na kila tuta linaipiga. Utahitaji shokapu zilizofupishwa. Bilstein, kwa mfano, wanatofautisha B6 yenye urefu wa kawaida na B8 iliyofupishwa kwa ajili ya magari yaliyoshushwa. Muulizeni muuzaji tofauti hiyo muone kama anaijua. Na kama shokapu zilizopo zimetembea sana, msifunge springi mpya juu yake, shokapu hizo zitakufa upesi. Hela ikiwa haitoshi vyote viwili, nunueni kwanza shokapu nzuri za kawaida na mwendeshe gari kwa urefu wake wa kiwandani. Gari litakuwa bora kuliko lilivyokuwa, na springi zitakuja baadaye.

Waliokwisha kufunga seti hii, nawaomba msisubiri. Pandisheni gari kwenye jeki, liegemee kwenye stendi, mzungushe kila springi kwa mkono. Inayocheza, gari hilo lisirudi barabarani. Pitisheni kiganja upande wa ndani wa matairi mkitafuta mchubuko. Kutoa springi msijaribu nyumbani bila kifaa cha kuibana, ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuvunja mkono au kutoa jicho. Mtakaporudisha springi za zamani, boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kisha lipelekwe alaimenti (kupimwa na kunyooshwa matairi).

Msitupe vile vyuma. Pigeni picha za mkato, za kitone cha kuchomelea na za stika zenye namba moja, tunzeni ujumbe wote na risiti ya malipo, mvipeleke vyote polisi na kwa kampuni mliyotumia kulipia. Na kama muuzaji mwingine anawapa springi nyekundu bila namba ya gari lenu, niandikieni aina ya gari, mwaka na injini, pamoja na picha ya ncha zote mbili za springi. Nitawaambia ninachokiona kabla hamjalipa.