Sinema ya Ghorofani Nairobi: Ulinzi Umeishia Mlangoni

Ukumbi ninaoutathmini hapa uko ghorofa ya juu ya jumba kubwa la maduka jijini Nairobi, na jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa kasoro yake kuu nimeiona pia katika kumbi nyingine. Picha ni safi, sauti inasikika vizuri hata kwa walioketi pembeni, viti ni vipana na bisi huuzwa zikiwa moto. Kwa upande wa burudani sina lalamiko. Lalamiko langu ni la usalama wa watazamaji, jambo ambalo wenye ukumbi wanalitangaza sana na kulishughulikia nusu.

Tangu shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate la tarehe 21 Septemba 2013, lililoua watu 67, hakuna mkazi wa Nairobi anayeshangaa kufunguliwa buti ya gari au kupitishwa katika fremu ya kukagua chuma anapokwenda kununua sukari. Katika jumba hili mtu hukaguliwa langoni, kisha hukaguliwa tena kwenye mlango wa sinema. Walinzi ni waungwana, na wanawake hupekuliwa na walinzi wanawake, jambo linalostahili pongezi. Hata hivyo, fremu ile hulia kwa karibu kila anayepita, na mlinzi hupunga mkono bila kuuliza kama kilicholia ni funguo, simu au kitu kingine. Penye mlango wa sinema wenyewe, kilichotafutwa kwa bidii nilipokuwapo ni karanga na maji ya chupa, kwa kuwa vyakula vya nje haviruhusiwi kushindana na duka la ndani.

Baada ya hapo ulinzi unakoma. Taa zikishazimwa, hakuna mhudumu anayeingia ukumbini mpaka filamu iishe. Alama ya mlango wa dharura, ulio kushoto mwa skrini, haikuwa ikiwaka. Nilipoufungua mlango huo kabla ya onyesho kuanza, nilikuta ngazi ya kushukia imejazwa maboksi ya vikombe vya karatasi na viti vibovu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mhudumu niliyemweleza alinishukuru kwa adabu na kuahidi kuwa vitaondolewa. Filamu ilipokwisha, vilikuwa palepale. Hakuna pia aliyejua kuwa mlango ule ulikuwa umefunguliwa mpaka niliposema mwenyewe, na hilo ni tatizo la pili, tofauti na la kwanza.

Tofauti hiyo inaonekana katika mambo yaliyotokea Aurora, jimbo la Colorado nchini Marekani, usiku wa tarehe 20 Julai 2012. Muuaji aliingia kama mtazamaji mwingine yeyote, akiwa na tiketi na bila silaha. Filamu ilipoanza alitoka kwa mlango wa dharura ulio karibu na skrini, akauzuia usijifunge, akaenda kwenye gari lake lililokuwa nyuma ya jengo, akajihami kwa silaha na kurudi kwa njia ileile. Watu 12 waliuawa na wengine 70 kujeruhiwa. Upekuzi wa mifuko kwenye lango la mbele, ambao kampuni ya sinema ya Regal ya hukohuko Marekani iliuanzisha mwaka 2015 baada ya mauaji mengine katika sinema ya Lafayette, Louisiana, usingemzuia mtu huyo hata kidogo. Kengele ya kulia mlango wa dharura unapofunguliwa ingewapa wahudumu angalau fursa ya kwenda kutazama. Ni kweli kwamba mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama la Colorado liliamua kuwa kampuni iliyomiliki sinema hiyo, Cinemark, haikuwa na dhima. Lakini kutowajibika kisheria hakumaanishi kwamba hakuna la kurekebisha.

Wapo watakaosema dawa ni kuufunga mlango huo kwa kufuli. Hao wakumbuke sinema ya Uphaar mjini Delhi, ambako tarehe 13 Juni 1997 transfoma iliyokuwa katika jengo lenyewe ilishika moto na moshi ukapanda hadi kwenye roshani ya watazamaji. Viti vya ziada vilivyoongezwa ili kuuza tiketi zaidi vilikuwa vimeziba njia, na watu 59 walikufa, wengi wao kwa kukosa hewa. Wamiliki walitiwa hatiani na mahakama mwaka 2007. Kila nikikumbuka viti vile vibovu ngazini, Uphaar hunijia akilini kabla ya Westgate.

Kwa hiyo naunga mkono ulinzi uongezwe, ila uongezwe mahali unapokosekana. Mlango wa dharura ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani wakati wote, uwe na kengele, na ngazi yake ibaki tupu. Mhudumu mwenye tochi apite ukumbini mara kadhaa wakati wa onyesho, na kabla ya filamu, katikati ya yale matangazo marefu ya benki na simu, watazamaji waonyeshwe njia za kutokea, kama ndege zinavyofanya kila safari. Sioni haja ya kuweka walinzi wenye bunduki ndani. Katika giza, na watu wakikimbia huku na huku, sijui mlinzi atamtambuaje adui. Gharama ya niliyoyataja ni ndogo ikilinganishwa na ya mashine za langoni, na ikibidi bei ya tiketi ipande kidogo, nitailipa.

Naupa ukumbi huu nyota tatu kati ya tano, mbili zikiwa zimepotea kwenye ngazi ile. Nitaendelea kwenda katika maonyesho ya mchana siku za kazi, ambapo watazamaji ni wachache, na nitaketi karibu na mlango niliouingilia. Watoto sitawapeleka mpaka maboksi yaondolewe.